Mstari wa Chaki Mgahawani

Watu wengi husema "mgeni njoo, mwenyeji apone" huku mkono mmoja ukifunika sufuria. Hudhani methali hiyo inamtaka mgeni aje na kitu: zawadi, habari njema, pengine dawa kwenye mfuko wa koti. Wengine hudhani ni lazima mgeni mwenyewe awe mtu wa busara, anayejua analolifanya. Mimi nasema sivyo. Mgeni wa hadithi hii alikuja mikono mitupu na tumbo tupu, na tangu alipoingia hadi alipotoka hakuelewa hata jambo moja. Hata hivyo mwenyeji alipona, na aliyepona alikuwa karibu kufa kwa njaa ndani ya nyumba inayouza chakula.

Mgeni huyo alikuwa fundi wa lifti. Alikuwa ametumwa kwenda mji wa mbali kutengeneza lifti ya jengo refu iliyogoma kupanda. Ndege yake ya kwanza ilimshusha asubuhi katika uwanja asioujua, na ya pili ingeondoka jioni. Alikuwa mtu mpole, mwepesi wa kutii, na uwanja wa ndege ni mahali panapompenda mtu mtiifu. Asubuhi nzima aliambiwa fuata mstari wa njano, fuata mstari wa buluu, simama, vua mkanda, vaa mkanda. Akafuata, akasimama, akavua, akavaa. Mwishowe aliketi kwenye kiti cha chuma, akanunua mkate baridi uliofungwa kwa nailoni, ndani yake mna kipande cha jibini chembamba kama karatasi. Alipofika nusu aliona ni kama anatafuna tiketi yake mwenyewe, akauacha.

Alimwendea mlinzi wa lango.

"Samahani kaka. Hapa mtu anapata wapi chakula cha kupikwa?"

Mlinzi alimtazama kwa huruma. "Humu ndani watu wanakula ili wasife tu. Ukitaka kula, toka nje, vuka barabara, pita katikati ya maghala ya mizigo. Utaona mlango wa kijani. Wapakiaji wote walikuwa wanakula pale."

"Walikuwa? Siku hizi je?"

Mlinzi alitaka kujibu, lakini redio yake ya mkononi ilianza kukoroma na mtu akawa anamwita. Alimpungia fundi mkono aende. Fundi akaenda.

Alikuwa amevaa ovaroli ya kazini, maana alisema nguo nyingine zote humbana. Sikioni alichomeka penseli na kiunoni alining'iniza futikamba, kama ilivyokuwa desturi yake hata siku za mapumziko. Mkewe aliwahi kumwambia kwamba siku atakapokufa atazikwa na futikamba hiyo, naye hakuona ubaya wowote.

Nyuma ya mlango wa kijani palikuwa na mgahawa mpana, safi, na mtupu. Meza zilikuwa zimesukumwa nusu upande wa kulia na nusu upande wa kushoto, na sakafuni, kuanzia kizingitini hadi ukuta wa nyuma, ulichorwa mstari mnyoofu wa chaki nyeupe. Kulia kwake palikuwa na karo la kuoshea vyombo, bomba la maji na jiko dogo la mkaa. Kushoto palikuwa na jiko kubwa la gesi na ndoo za maji. Fundi alipouona ule mstari hakujiuliza mara mbili. Aliukanyaga, akaufuata hatua kwa hatua, macho chini, akaizunguka meza moja ndogo iliyosimama juu yake, akapita katikati ya chumba hadi ulipoishia, akasimama mbele ya ukuta akingoja kuitwa.

Sasa tuseme ukweli wa mahali pale, ili angalau wewe msomaji uelewe kuliko yeye.

Mgahawa ule ulikuwa wa mama mmoja aliyepika humo hadi mikono yake ikaanza kutetemeka, ndipo akawaachia binti zake wawili. Mkubwa alipika wali, na wateja wakambandika jina la Dada Wali. Mdogo alipika mchuzi, naye akaitwa Dada Mchuzi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku mteja mmoja, katika kushiba kwake, aliposema kwa sauti kwamba mchuzi ule umempita hata mama mwenyewe. Dada Wali alikasirika kwa niaba ya mama. "Bila wali wangu," alisema, "huo mchuzi wako ungenywewa kwa kijiko kama dawa ya kikohozi." Dada Mchuzi naye hakuwa na ulimi wa kukopa. "Na bila mchuzi wangu," alijibu, "wali wako ungeliwa na njiwa." Neno likazaa neno. Jioni ile waligawana vyombo, wakachora mstari, na kila mmoja akaanza kupika chakula kizima upande wake. Mchuzi wa Dada Wali ukawa maji ya kunawia. Wali wa Dada Mchuzi ukawa mashendea, umelowa na kushikana. Wapakiaji wakavumilia kidogo, kisha mmoja mmoja wakahamia kwenye mkate wa nailoni.

Hayo yote yangekuwa ugomvi wa kawaida wa ndugu: ukishika jembe ukaenda kulima, ukirudi unakuta wamepatana. Lakini mama alikuwa ameapa kwamba hatakula kwa huyu wala kwa yule. Akabaki na chai. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia kila binti kwa wakati wake kwamba mama yao haumwi ugonjwa wowote isipokuwa njaa. Kila binti alilia, na kila binti alimlaumu mwenzake. Kitu kimoja tu walikuwa wamekubaliana: mstari hautoshi, pajengwe ukuta wa mbao. Jirani akawaagizia seremala kwa simu, mtu ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona. Ilikuwa aje siku ile. Mama naye alisema kwamba ukuta ukisimama yeye ataondoka, akaufunga mkoba wake na kukaa nao karibu na mlango.

Basi akina dada walipomwona mtu mwenye ovaroli, penseli sikioni na futikamba kiunoni akiingia bila hodi na kuukagua mstari wao kutoka mwanzo hadi mwisho, ungewalaumu kwa lipi?

"Karibu, fundi," alisema Dada Wali kutoka kwenye karo.

Fundi aligeuka. "Umejuaje kama mimi ni fundi?"

"Si tulikuwa tunakungoja?"

Fundi alifikiri labda ni yule mlinzi, redio yake ilimaliza kukoroma akawapigia simu. Akaona watu wa mji huu wana ukarimu wa haraka sana.

"Utapima kwanza au utakula kwanza?" aliuliza Dada Mchuzi kutoka jikoni.

Swali hilo lilimkwama. Alikuwa amesafiri kidogo, akaona pahala ambapo mtu huvua viatu kabla ya kula na pengine ambapo hulipa kabla. Kupima hakuwahi kukuona. Apime nini? Meza? Tumbo?

"Kawaida yenu ni ipi?" aliuliza kwa adabu.

"Kawaida gani tena? Hii ndiyo mara ya kwanza."

"Basi kama si vibaya, ningekula kwanza."

"Afadhali," alisema Dada Wali. "Mwenye njaa hapimi sawasawa. Na umwambie huyo wa upande wa pili kwamba utakula kwangu."

Fundi alimgeukia Dada Mchuzi. "Anasema nitakula kwake."

"Nimemsikia, sina uziwi. Mwambie mimi ndiye niliyekuuliza kwanza, kwa hiyo utakula kwangu."

"Anasema yeye ndiye..."

"Mwambie aweke mbali huo mwiko wake, unadondosha mafuta upande wangu."

Fundi alikuwa akigeuza shingo kulia na kushoto kama mtu anayetaka kuvuka barabara kuu. Mwishowe alisema "sawa" kwa wote wawili, jambo ambalo hufanywa na waoga wengi, akatafuta mahali pa kukaa. Meza pekee iliyobaki katikati ilikuwa ndogo, karibu na mlango, mstari umepita chini yake. Hakuna aliyethubutu kuisogeza kwa sababu ya mwanamke mzee aliyekuwa ameketi hapo na kikombe cha chai, mkoba miguuni.

Fundi alipouona mkoba, moyo wake ulitulia. Hatimaye alikuwa amempata abiria mwenziwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nawe unasubiri ya jioni?"

"Mimi nasubiri ukuta," alisema mama.

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa amesikia ndege zikicheleweshwa na ukungu, na mgomo, na hata ndege wa porini waliolala njiani. Ukuta lilikuwa jambo geni, lakini hakutaka kuonekana mshamba.

"Umechelewa sana?"

"Ukichelewa ni heri yangu. Ukisimama tu, naondoka."

"Kwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu. Mbali. Huko angalau sitauona."

Fundi hakuelewa. Alichokielewa ni mikono aliyoiona kwenye kikombe. Ilikuwa imekonda hata bangili ilipanda hadi karibu na kiwiko kila mama alipoinua chai. Alimkumbuka mama yake mwenyewe, akaona uchungu wa kweli.

"Lakini umekula, mama?"

"Chai."

"Chai tu?"

"Tangu mstari huu uchorwe. Nikila kwa mmoja, itakuwa nimemzaa mmoja."

Hapo chakula kilifika, na kilifika mara mbili. Kutoka kulia Dada Wali aliweka sahani ya wali na bakuli la mchuzi. Kutoka kushoto Dada Mchuzi aliweka sahani ya wali na bakuli la mchuzi. Kila mmoja alirudi nyuma hatua moja upande wake, akakunja mikono.

"Mimi sahani moja ingenitosha," alisema fundi kwa sauti ndogo.

"Moja ni hiyo," alisema Dada Wali.

"Moja ni hii," alisema Dada Mchuzi.

Fundi alizitazama. Wali wa kulia ulikuwa mweupe, punje moja moja, unafuka moshi. Mchuzi wake ulikuwa mwembamba, na nyanya moja ikielea humo kwa upweke. Upande wa kushoto wali ulikuwa umelowana na kushikana kama udongo wa kufinyangia, bali mchuzi wake wa kuku ulikuwa mzito, mwekundu, na harufu ya kitunguu na tangawizi ikipanda kutoka bakulini. Hakujua lipi lilikuwa adabu na lipi lilikuwa kosa. Njaa yake haikujali. Alilichukua bakuli la kushoto, akalimimina lote juu ya wali wa kulia.

Dada Wali aliweka mkono mdomoni. Dada Mchuzi alishika ukingo wa kiti.

Fundi alitia tonge kinywani. Nitasema nini? Alikuwa amekula karamu nyingi za ufunguzi wa majengo, akala na wakubwa. Lakini tonge lile lilimfumba macho. Wali haukuzama katika mchuzi wala mchuzi haukuukimbia wali. Alihisi furaha ya kitoto, furaha ya mtu aliyerudi kutoka shule akakuta jiko linawaka. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alipofumbua macho na kumwona mtu kando yake asiyekula, alisema neno ambalo kila mmoja wetu hulisema bila kufikiri.

"Mama, karibu."

Na kila mmoja wetu anajua jibu lake: asante, kula tu, mimi nimeshiba. Fundi alikuwa tayari ameinua tonge la pili. Lakini mama hakusema asante. Aliitazama ile sahani.

"Hiki chakula ni cha nani?"

"Changu," alisema fundi kwa wasiwasi.

"Si cha huyu?"

"Hapana."

"Wala si cha yule?"

"Mama, mimi hata sijui huyu ni nani na yule ni nani. Kimewekwa mbele yangu, basi ni changu."

Mama alivuta kiti chake karibu. "Hapo sawa. Nimekaribishwa na mgeni. Kiapo changu hakikumtaja mgeni." Kisha, bila kumtazama mtu, akasema, "Naomba maji ya kunawa."

Dada Wali alikimbilia bomba, akarudi na jagi. Lakini beseni lilikuwa limekwenda kushoto siku ya mgawo. Dada Mchuzi alilileta, tupu. Ikabidi mmoja akinge na mwingine amimine, vichwa vyao vikiwa karibu kugusana, na katikati yao mikono ya mama ikitetemeka chini ya maji. Maji yalikwisha kwenye jagi na Dada Wali bado alikuwa ameliinamisha.

Mama alikula. Alianza polepole, kisha si polepole. Alipopumzika, alimgeukia fundi kama mtu anayempa habari za watu wasiokuwapo.

"Unajua, mwanangu, nilikuwa na mabinti wawili. Mkubwa nilimfundisha wali, mdogo nikamfundisha mchuzi. Watu waliniuliza kwa nini simfundishi kila mmoja vyote viwili. Nilikuwa na maana yangu. Nilitaka asiwepo hata mmoja awezaye kumfukuza mwenzake. Kosa langu ni kwamba sikuwaambia."

"Wako wapi sasa hao mabinti?" aliuliza fundi.

Mama alicheka kidogo, na machozi yakamtoka. Dada Wali aligeukia karo. Dada Mchuzi alibaki ameshika beseni la maji machafu kana kwamba ni mtoto mchanga.

Wakati huohuo mlango wa kijani ulisukumwa, akaingia mwanamume mwenye mbao ndefu begani.

"Hodi! Ni hapa mlipoagiza ukuta? Niambieni unapita wapi, nina kazi nyingine leo."

Sasa fundi alifanya jambo la kiungwana kuliko yote aliyoyafanya siku ile, na alilifanya bila kujua maana yake. Alinawa upesi kwenye lile beseni mikononi mwa Dada Mchuzi, akafuta mikono kwenye ovaroli, akainuka.

"Mama," alisema kwa upole, "ukuta wako umefika." Akauinua mkoba wa mama, akaelekea nao mlangoni, asije mzee wa watu akaachwa.

Kuna mambo mtu huyasema mwezi mzima bila kuyaona. Akina dada walikuwa wamesema ukuta, ukuta, na walikuwa wamesikia mama akisema ataondoka. Lakini hawakuwa wamewahi kuuona mkoba ule ukitoka mlangoni mkononi mwa mtu. Dada Wali alipiga kelele. Dada Mchuzi aliliachia beseni, maji yakatapakaa sakafuni juu ya mstari. Waliufikia mkoba kwa pamoja, kila mmoja akashika kishikio kimoja, wakauvuta kwa nguvu hata fundi akayumba.

"Mama haendi popote!" walisema kwa sauti moja.

"Lakini ukuta wake umeshafika," alisema fundi.

"Hakuna ukuta!" walisema tena kwa sauti moja, wakatazamana.

Dada Wali ndiye aliyetangulia kuzungumza, na safari hii hakutafuta mjumbe. "Mdogo wangu," alisema, "mama anaongeza. Leta mchuzi."

"Na wewe leta wali," alisema Dada Mchuzi. "Mwingi. Na mpakulie na seremala, amebeba mbao bure."

Seremala aliyatazama maji, akatafuta alama ya ukuta sakafuni, asiione. "Kwa hiyo kazi hakuna?"

"Kazi ipo," alisema mama. "Kaa ule."

Seremala aliegemeza mbao ukutani, akakaa. Ndipo Dada Wali alipomgeukia fundi akiwa na mkoba kifuani.

"Hebu ngoja. Kama seremala ni huyu, wewe ni nani?"

"Mimi ni abiria," alisema fundi. "Natengeneza lifti."

"Lifti? Hapa hatuna hata ghorofa."

"Najua," alisema fundi kwa masikitiko. "Nilikuja kula tu."

Wakacheka mpaka mama akashika mbavu, na fundi akacheka nao kwa adabu, bila kujua kinachochekesha. Alipotia mkono mfukoni alipe, walimfokea wote kwa pamoja. Walimkumbatia. Dada Wali alilia begani mwake. Alirudi uwanjani akiwa ameshiba, amelowa mabega, na amechanganyikiwa kuliko alivyotoka.

Jioni ndege ilipopaa, jirani yake wa kiti alimuuliza kama alichoka sana kusubiri.

"Nilikula chakula ambacho sitakisahau hadi kufa," alisema fundi.

"Chakula gani?"

"Wali kwa mchuzi. Lakini watu wa pale wana mambo magumu. Ukiingia unaulizwa kama utapima kwanza. Unaletewa sahani mbili, moja unaimwagia nyingine. Na kuna abiria mmoja mzee alikuwa anasubiri ukuta. Ulipofika, wakamkataza kuupanda."

Jirani yake alimtazama, akageukia dirisha. Fundi alifumba macho, akajaribu kulipanga jambo lile tangu mwanzo, akashindwa, akalala usingizi mzito.

Na muda huohuo, nyuma ya mlango wa kijani, mama alikuwa akila kwa mara ya pili siku ile, binti mmoja kulia kwake na binti mmoja kushoto, akiwaambia chumvi imezidi kidogo. Yule aliyemponya hakuwa na dawa wala hekima, na hata leo hajui kwamba aliponya mtu. Kwa hiyo mgeni njoo, hata kama hujui umekuja kufanya nini, mwenyeji apone.